Mtambo Uliomtupa Mjomba

Kwetu Likoni mimi ndiye yule aliyemfukuzisha mjomba wake kazi kwa kompyuta. Nimeolewa, nimezaa, nimekwenda Makka nikarudi, na hayo yote hayakutosha kunivua jina hilo. Mgeni akiulizia nyumba yangu ataelekezwa vizuri tu, kisha anayemwelekeza atashusha sauti amwongezee kisa. Kwa miaka mingi sikujibu. Nilikuwa nimefungwa mdomo na mtu niliyempenda, na sasa ametangulia mbele ya haki, na mama naye kamfuata. Basi acha niseme.

Mjomba alikuwa kaka yake mama, tumbo moja. Tangu mimi mtoto wa chuoni, nikibeba juzuu yangu kwapani, yeye alikuwa akifanya kazi katika ghala moja la chai kule Changamwe. Chai ikishuka kutoka bara, wao huipokea, huipanga, huichanganya, kisha huipakia tena iende bandarini. Kazi ya mgongo. Jioni akirudi, mkewe alikuwa hamruhusu kuvuka kizingiti kabla hajakung'uta shati nje, kwa sababu vumbi la chai likiingia ndani huwapigisha watu chafya mpaka usiku. Hakuwa msemaji sana, lakini akisema neno moja utalicheka wiki nzima.

Nilipomaliza masomo ya kompyuta pale mjini, mwishoni mwa miaka ya themanini, hakuna ofisi iliyonitaka. Mwanamke, tena wa buibui, tena wa Likoni, ati anataka kugusa mashine iliyonunuliwa kwa bei ya nyumba? Walionihurumia walinipa kazi ya kupiga taipu. Mjomba ndiye aliyekwenda kwa meneja wa ghala akamwambia ana mtoto wa dadake aliyesomea ile mitambo, na kwamba ghala lenye watu wengi namna ile kuendeshwa kwa madaftari ni kujitia aibu. Meneja alicheka, kisha akaniita. Kwa hiyo kila mkate nilioula kutoka mahali pale, mjomba ndiye aliyenikatia. Watu wa kwetu hawajawahi kuniacha nisahau hilo.

Walinipa chumba kilichokuwa cha kuwekea mifagio. Wakatia kiyoyozi, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya mashine. Humo ndimo nilimoandika programu ya wafanyakazi: nani kaja, yuko zamu gani, likizo yake lini, aliingia kazini mwaka gani. Niliiandika peke yangu, amri kwa amri, na nikiwa na haki ya kujisifu kwa kitu kimoja katika maisha haya, ni ile programu. Ilikuwa safi.

Sasa kidogo nieleze, kwa maana hapa ndipo watu hunipotea. Anayeandika programu haandiki kila kitu. Kuna amri zilizokwisha kuandikwa na wengine, za kufungua mafaili, kutafuta jina, kuhifadhi, nawe huzinunua zikiwa kwenye disketi pamoja na kitabu chake. Sisi tunaziita maktaba. Programu yangu ilikaa juu ya maktaba hiyo kama nyumba inavyokaa juu ya msingi wa mtu mwingine. Na watu wa Mombasa hawahitaji kufundishwa maana ya kujenga nyumba yako juu ya kiwanja kisicho chako. Mwenye nacho akisema hama, utahama.

Maktaba ile ya zamani ilikuwa na ustahimilivu. Ukiitafutia jina, na majina yakawa mawili yaliyofanana, ilikuletea yote mawili bila kunung'unika. Hilo kwetu halikuwa jambo dogo. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Mjomba alikuwa na jina la babu yake. Mwanawe akampa jina la babake. Yule mwanawe naye alipozaa, akamrudishia mtoto jina la mjomba. Sasa andika jina la mjomba, na la babake, na la babu yake; kisha andika la yule mjukuu, na la babake, na la babu yake. Utaona umeandika kitu kimoja mara mbili, herufi kwa herufi. Haya si maajabu. Pwani nzima imejaa watu wa namna hii, na hakuna anayepotea, kwa sababu anayeuliza huulizwa, "Yupi, mzee au kijana?"

Hivyo ndivyo nilivyoiandika programu yangu. Karani akiandika jina likatokea mara mbili, mashine ilimuuliza: yupi, mzee au kijana? Watu walifurahi sana walipoliona swali hilo kwenye kioo. Mmoja alisema mashine imefunzwa adabu.

Mjukuu mwenyewe alikuwa amelelewa na mjomba. Babake alikwenda Uarabuni kutafuta riziki, akapata riziki na mke, akakata mguu. Kijana alikua akimwita mjomba "baba." Alipooa, bado mdogo, mjomba alimwombea kazi pale pale ghalani, naye akaingia, akapakia makasha bega kwa bega na babu yake. Hata walikuwa wakitembea sawa, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo, mmoja kwa uzee na mwingine kwa kuiga.

Miaka ya tisini ilipoanza kukolea, wenye mali walinunua mashine mpya, zilizounganishwa kwa waya, ili ofisi ya meneja na lango na stoo zote ziweze kufungua faili moja kwa wakati mmoja. Maktaba yangu ya zamani haikuweza hilo. Ilifunguliwa na mmoja tu. Likaletwa toleo jipya, na kitabu chake kinene, nikaambiwa nihamishe programu yote.

Kuhamisha si kunakili. Kila mahali nilipofungua faili, mpangilio wa amri ulikuwa umegeuzwa. Amri nyingine zilikuwa zimeondolewa kabisa, na kitabu kinakwambia hivyo kwa ubaridi, bila hata kukupa pole. Mambo niliyoyaandika kwa mstari mmoja sasa yalitaka mistari mingi, kwa kuwa lazima kwanza uulize kama mtu mwingine hajalishika faili. Nililalamika kila siku, lakini nilikuwa napenda. Nilikuwa nikienda nyumbani kichwa kimenijaa, mama akinisemesha simsikii, akasema nimepandwa na shetani wa kizungu.

Kisha nikafika kwenye sura inayosema kwamba katika toleo hili kila kitu kilichomo kwenye faili lazima kiwe na ufunguo wake, alama isiyofanana na ya mwingine. Nikakiweka kitabu chini nikaenda kwa meneja.

Meneja alikuwa mtu wa mji, wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani. Ijumaa kanzu, siku nyingine tai. Nilimkuta akipanga picha mpya ukutani.

"Toleo hili jipya halitaki majina," nilimwambia. "Lataka kila mtu awe na alama yake peke yake. Tuwape watu nambari."

"Nambari za nini? Hawa si wafungwa."

"Kuna waliofanana majina, mpaka la babu."

"Wangapi?"

"Si wengi. Lakini wapo."

"Basi hao utawatengeneza baadaye, inshallah. Wenye mali waja Jumatatu. Nataka waikute mitambo yafanya kazi."

Na yeye mwenyewe, tusisahau, alikuwa amebeba jina la babu yake, na mwanawe mkubwa jina la babake. Alijua vizuri ninachosema. Lakini kujua ni kitu kimoja na kutaka kujua ni kingine.

Nikarudi chumbani. Nikafanya ufunguo uwe jina la mtu, la baba na la babu pamoja, nikijiambia kwamba mashine ikikuta la pili limefanana itasimama ipige kelele, kama angefanya karani yeyote mwenye akili, nami hao wachache nitawatia kwa mkono. Jumamosi ghala lilipofungwa, nikaanza kuhamisha. Haikusimama. Haikupiga kelele. Ilikwenda moja kwa moja mpaka mwisho, ikaniandikia kwamba kazi imekamilika. Nikalinganisha hesabu ya watu wa faili la zamani na la jipya, nikakuta lile jipya limepungukiwa. Ndipo nilipopekua kitabu na kuikuta, nyuma kabisa, kwa maandishi ya kuchungulia, habari kwamba ufunguo ukijirudia, cha pili hakitahifadhiwa. Basi. Walioandika maktaba ile, huko kwao, hawakupata kuwaza kwamba babu na mjukuu wanaweza kuwa na jina moja na ghala moja.

Waliopungua walikuwa wachache kweli, na wengi wao walishaacha kazi zamani. Jozi iliyobaki kazini ilikuwa moja tu. Mjomba, aliyeingia kwanza, alikuwamo na miaka yake yote. Mjukuu hakuwamo.

Sikuogopa. Nilijua dawa yake. Jumapili nzima niliiandika kwenye karatasi mezani kwa mama, na Jumatatu nilivuka feri asubuhi, karatasi hiyo na disketi ya faili la zamani zimo mkobani. Nilichokuwa sikijui ni kwamba wenye mali hawakuja kutazama mitambo. Biashara ilikuwa imebana, walikuja kupunguza watu. Na meneja, kwa kujionyesha kwamba sasa anaweza mwenyewe, alikuwa ameshachapa orodha kwenye mashine yake mpya kabla mimi sijafika. Walioingia kazini karibuni walikatwa. Waliobaki kwenye karatasi ndio waliobaki kazini.

Niliwakuta wote wamesimama langoni. Msimamizi wa zamu alikuwa akisoma: atakayesikia jina lake aingie, asiyelisikia asubiri ofisini. Kila jina likisomwa, mtu alisema "Naam" akapita, na uso wake ukabadilika. Kisha likasomwa jina la mjomba.

Wakatoka wawili.

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, na nikikumbuka kicheko hicho najichukia. Msimamizi alitazama karatasi, akamtazama mzee, akamtazama kijana. "Hapa jina ni moja," akasema. "Nani kati yenu?"

Tukapelekwa kwa meneja. Kijana aliambiwa akae nje kwenye benchi. Ndani tukaingia mjomba na mimi. Meneja hakuwa amekasirika, alikuwa na haraka. Nikamweleza yote: ufunguo, jina, kitabu, cha pili kutohifadhiwa. Nikatoa disketi nikaiweka mezani.

"Nikiitia hii," nikasema, "watatokea wote wawili. Mzee na miaka yake, kijana na miezi yake."

"Kisha?"

"Kisha kila mtu atajulikana."

Meneja akafikiri kidogo. "Basi ni rahisi. Aliyeingia mwisho atoke kwanza, hiyo ndiyo kanuni. Mzee abaki, kijana aende."

Niseme kweli, nilipumua. Nilimhurumia kijana, lakini alikuwa kijana; mwenye nguvu hakosi kibarua. Mjomba ndiye aliyenihangaisha tangu Jumamosi. Nikanyoosha mkono kuichukua disketi.

"Ngoja, mwanangu," mjomba akasema. "Usiitie."

Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, kama mtu asiyetaka kukichafua. Akamgeukia meneja.

"Bwana, jina hili likibaki moja kama lilivyo, wewe wamtaka yupi akubebee makasha?"

Meneja aliangalia dirishani, na pale dirishani yalionekana mabega ya kijana.

"Mimi mgongo huu umebakia na siku chache," mjomba akasema. "Huyu mkewe yu mzito, na huko nje kazi hakuna, wewe wajua. Jina si lile lile? Limo mtamboni na miaka yake. Na aingie nalo yeye. Mimi nende zangu nyumbani."

"Mjomba!" nikasema.

"Nyamaza kwanza."

Nilimwona meneja akihesabu. Hakuhitaji mashine kwa hilo. Mzee anayetoka akiwa hana jina ni mzee anayetoka bila kiinua mgongo, na kijana anayebaki ni mwenye mabega. Pande zote mbili, faida. Akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka, "Kama mwenyewe waridhia, mzee wangu, mimi sina neno."

"Lakini kijana asijue," mjomba akasema. "Nimemlea mimi, namjua. Akijua nimempa, hatoingia. Atakwenda zake huko Uarabuni kumtafuta babake, nami sitomuona tena wallahi. Mwambieni mtambo ndio ulionitupa. Litakuwa jambo la mtambo."

"Mtambo ni wangu, mjomba," nikasema. "Watasema ni mimi."

"Watasema," akakubali. "Kisha watasahau."

Mjomba alikuwa mtu mwenye akili, lakini hilo alikosea.

Akainuka, akatoka, akasimama mlangoni ili kijana aingie. Meneja akamwambia kwamba jina lililobaki ni lake, na kwamba kompyuta haikumkubali babu yake kwa sababu ya umri. Alilisema kwa utulivu kabisa. "Kompyuta imeamua," akaongeza, na nilimwona akilionja lile neno, akiona jinsi lilivyo tamu. Baada ya siku ile alilitumia kwa mambo chungu nzima.

Kijana hakumtazama meneja. Alinitazama mimi.

"Shangazi," akasema, "huwezi kumrudisha?"

Disketi ilikuwa pale pale mezani, karibu na mkono wake. Mjomba alikuwa nyuma yake mlangoni, akinikazia macho. Macho yale hayakuwa yakiniomba. Yalikuwa yakiniamuru.

"Siwezi," nikasema.

Ndilo neno moja nililolisema. Naye kijana, tangu siku ile mpaka leo, hajaniita shangazi.

Wiki ile ile ilinibidi nimalize kazi. Nikawapa watu nambari, kama nilivyotaka tangu mwanzo, na sasa meneja hakuwa na pingamizi. Lakini toleo jipya lilikuwa na akili zake: lilikagua tarehe. Nilipojaribu kuandika kwamba mtu mwenye umri wa yule kijana aliingia kazini mwaka ambao hajazaliwa, lilinikatalia, na kwa mara ya kwanza likapiga kelele. Siku ya kubeba babu na mjukuu lilinyamaza kimya. Siku ya kuficha, likajitia mwaminifu. Nikaandika mstari mmoja wa kuliambia kwamba kwa mtu huyu mmoja lisikague. Programu yangu nzima ilikuwa safi isipokuwa mstari ule. Nilipokuwa nikikabidhi kazi miaka ya baadaye, mtu aliyenirithi aliukuta akauonyesha wenzake, wakacheka, wakasema ndivyo wanawake wanavyoandika programu. Nilikuwapo chumbani.

Jioni ya Jumatatu ile, habari ilifika Likoni kabla yangu. Niliwakuta mama na wanawake wa jirani wamekaa ukumbini, na nilipoingia wakanyamaza. Mama hakuninyanyulia sauti. Aliniita tu.

"Abee, mama."

"Yule aliyekutia kazini ndiye uliyemtoa?"

"Si mimi, mama. Ni mtambo."

"Na huo mtambo ni nani aliyeuandika?"

Mmoja wa wale wanawake akasema kikulacho ki nguoni mwako, na wengine wakaitikia kwa vichwa, polepole, kama wanaoitikia dua.

Mama hakunifukuza. Angenifukuza ningekwenda kupanga chumba na yangekwisha. Aliendelea kunipikia, kunifulia, kuniamsha alfajiri, na kutonitazama. Kila arusi ya ukoo ikawa mtihani kwangu. Wakisuka mkeka wakaniona naja, mazungumzo yalihamia kwenye bei ya ukili. Nilipochumbiwa, mtu mmoja alikwenda mpaka kwa wazazi wa mume wangu kuwaonya kwamba mimi ni msomi sana, nisije nikawafuta na wao. Waliliona ni mzaha mzuri.

Na mjomba? Mjomba ndiye aliyenimaliza. Alikuwa akija kwetu kama kawaida yake, akiniletea muhogo, na ukikosekana, matunda ya mabungo, akinishika kichwa, akinitania. Alikuwa akinipenda zaidi kuliko zamani, na mimi nilijua kwa nini. Lakini wenzangu hawakujua. Wao waliona mzee aliyetupwa na mtoto wa dadake akimletea muhogo yule yule aliyemtupa, wakasema, "Moyo ule! Mtu wa peponi yule." Kila alivyozidi kunionyesha mapenzi, ndivyo yeye alivyozidi kuwa mtakatifu na mimi kuzidi kuwa mwovu. Ilifika mahali nikisikia hodi yake natokea mlango wa uani.

Siku moja nilimfuata kwake. Alikuwa akisuka kamba uani, kwa kuwa mikono iliyozoea makasha haiwezi kukaa bure. Kijana alikuwa amepandishwa, ndiye msimamizi wa zamu sasa, ana watoto, amemwezekea babu yake paa la mabati.

"Mjomba, nifungue," nikamwambia. "Mwambie mama peke yake. Mtu mmoja tu."

"Mamako hawezi kukaa na neno. Lifikapo kwake, lishafika kwa kijana."

"Na lifike! Mtu mzima yule, msimamizi. Atafanya nini sasa?"

"Atajua kwamba mkate wanoula watoto wake si wake." Alikaza kamba kwa meno. "Kila mtu yuwamheshimu kwa kuwa mtambo ulimchagua. Wewe wataka nimwambie aliyemchagua ni kizee?"

"Na mimi je?"

Akaiweka kamba chini. "Wewe wanijua," akasema. "Wewe una elimu yako. Wewe hutovunjika."

Nilimkasirikia siku ile kuliko nilivyowahi kumkasirikia meneja. Meneja alikuwa meneja. Nani hutegemea huruma kwa meneja? Lakini huyu alinipima, akaona nina nguvu, akanitwika. Wenye nguvu kwetu hupewa mzigo kwa sababu hiyo hiyo tu, kisha husifiwa kwamba hawakuanguka. Mimi sikusifiwa hata hilo. Nikaondoka bila kumuaga, na kesho yake akaja na mabungo.

Alifariki kabla miaka ya tisini haijaisha, ugonjwa wa kifua. Daktari aliuliza kama aliwahi kufanya kazi kwenye vumbi. Mama alikuwa naye mchana wote wa mwisho, mimi nilikuwa Changamwe kazini. Nilifika wanaume wakikata sanda. Nililia kilio cha mtu mwenye haki ya kulia, na nikasikia nyuma yangu mtu akisema, "Sasa ndio amjua."

Siku ya tatu, khitma ilipokwisha kusomwa, niliamua. Aliyenifunga mdomo yuko chini ya mchanga, ahadi imekufa na mwenyewe. Nitamwambia mama leo, mbele ya wote walionisengenya, waliokaa pale wakinywa kahawa ya marehemu. Kijana na asikie. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri. Nikapita katikati ya wanawake mpaka pale mama alipokaa kwenye mkeka, nikapiga magoti mbele yake.

Mama akaniwahi. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanitazama machoni. Tangu siku ile ya mtambo hakuwa amenitazama hivyo.

"Kaka aliniusia," akasema, wote wakisikiliza. "Roho i hapa, yuwanishika mkono. Akanambia, 'Dada, msamehe mwanao. Mimi nimeshamsamehe. Usimwekee kinyongo.' Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, wallahi, hakusema mengine." Machozi yakamtiririka. "Nami kwa ajili yake nimekusamehe, mwanangu. Nimekusamehe duniani na akhera."

Wanawake wakasema mashallah. Mmoja alianza kulia kwa sauti. Kule mlangoni kijana alikuwa amesimama na birika la kahawa, akitusikiliza, na kwa mara ya kwanza kwa miaka hiyo yote uso wake ulikuwa umelegea.

Mikono ya mama ilikuwa ya moto mashavuni mwangu. Nikambusu kiganja.

"Ahsante, mama," nikamwambia.